Joto la Tangi la Pili

Kila Jumatano asubuhi chai ilikuwa hainipiti kooni. Dada yangu mdogo, niliyekuwa naishi naye katika chumba cha kupanga pale Mtito Andei, alikuwa ananimiminia kikombe, ananikatia mkate, halafu ananitazama nikivisogezasogeza mezani mpaka saa ya kutoka. Alijua Jumatano ni siku ya kuosha tangi. Alikuwa ameacha kuniuliza.

Sote wawili tulifanya kazi katika kiwanda kimoja kando ya barabara ya Mombasa, upande wa kuelekea Kibwezi. Kilichapisha mifuko ya kufungia unga, chumvi na majani ya chai. Yeye alikuwa katika banda la kufunga mizigo, pamoja na wanawake wengine kama thelathini. Mimi nilikuwa nimesomea kemia kidogo katika chuo cha ufundi, kwa hiyo nilipewa matangi.

Rangi ya kuchapishia huyeyushwa kwa thina. Mifuko ikipita kwenye mashine ya kukaushia, thina yote huruka ikawa hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyowaleta majirani langoni wakiwa na chifu, wakisema watoto wao wanaumwa na vichwa. Ndipo yakaletwa matangi mawili ya chuma, marefu kama nyumba ya ghorofa moja, yakajazwa makaa. Hayakuwa makaa ya jikoni. Zilikuwa punje nyeusi ndogo kama mtama, zilizochomwa kwa namna ya pekee hadi zikawa na vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Thina ikipita humo inanaswa. Tangi moja likishiba, hewa inageuziwa lingine, na lile lililoshiba linaoshwa. Unapitisha ndani mvuke wa boila kwa saa kadhaa, mvuke unaing'oa thina na kuondoka nayo, kisha feni kubwa inapuliza hewa safi ili makaa yakauke na kupoa. Baada ya hapo yanarudi kazini.

Fundi aliyeyafunga matangi hayo alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, mwenye kuongea polepole. Alikaa nasi wiki mbili, akitufundisha mimi na mzee wa boila. Siku ya kwanza alituuliza kama makaa yale yanahitaji kiberiti ili yashike moto. Tukasema ndiyo.

"Hapana," akasema. "Yakiwa moto na hewa isipotembea vizuri, yanaweza kujiwasha yenyewe. Yanaanzia huko katikati, mahali ambapo hamwezi kuona."

Akatuonyesha vipimajoto vitatu, cha juu, cha kati na cha chini. Akatuonyesha mita ya ile hewa ya sumu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa madirisha yakiwa yamefungwa. Mita ikipanda, alisema, jua makaa yameanza kuungua hata kama huoni moshi. Alitukataza kabisa kufungua kifuniko cha juu ili kuchungulia, kwa sababu ukikifungua umeyapa hewa yaliyokuwa yanaitafuta. Na siku ya mwisho, akiwa ameshaingiza mkoba wake kwenye gari, alirudi kuniambia jambo moja zaidi. "Mkibadilisha thina, nipigie simu kwanza. Kuna thina ambazo zikinaswa na makaa zinaleta joto zenyewe."

Wafanyakazi wengine waliosimama karibu walimsikiliza kama watu wanaosikia habari za simba wa pori la mbali. Mimi sikuweza kumsikiliza hivyo.

Nilikulia Migwani, na kiangazi kikizidi baba yangu alikuwa anachoma makaa ya kuuza. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, alifukua tanuri lake mapema kidogo kwa sababu lori la mnunuzi kutoka Mwingi lilikuwa lipite kesho yake. Alijaza magunia. Aliyagusa makaa kwa mkono, yalikuwa baridi. Halafu akayaegemeza magunia kwenye ukuta wa ghala, kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda na hakutaka yanyeshewe. Siku ya pili mchana tulikuwa shambani tuking'oa magugu tulipoona moshi. Hakukuwa na mtu nyumbani. Hakuna aliyewasha kitu. Tulipofika, paa la ghala lilikuwa limeanguka ndani na mtama na mbaazi za msimu mzima zilikuwa zinalia kama mahindi ya bisi. Baba alisimama na ndoo tupu mkononi akasema, "Yalikuwa baridi. Niliyagusa." Aliendelea kusema hivyo mpaka jua likazama, akimwambia kila jirani aliyefika, na mwishowe akawa anajiambia mwenyewe.

Kwa hiyo fundi aliposema moto unaanzia katikati, mimi nilikuwa ninauona.

Miezi michache baada ya matangi kuanza kazi, mita ya hewa ya sumu ililia nikiwa peke yangu kwenye kibanda cha kuangalia vipimo. Sikungoja. Nilikimbia katika banda la mizigo nikapiga kelele watu watoke. Walitoka wakikanyagana, mwanamke mmoja akaumia kifundo cha mguu, mashine zikazimwa. Ikagundulika kwamba lori lililokuwa likipakia liliacha injini ikiunguruma karibu na mita, na moshi wake ndio uliopimwa. Matangi yalikuwa mazima. Meneja, mtu wa makamo kutoka Nyeri, hakunifokea. Aliniambia tu kwamba siku nyingine nihakikishe kwanza. Lakini wenzangu wakaanza kuniita nabii. Nikipita na sahani yangu ya muthokoi wakati wa chakula, mtu anasema, "Nabii, leo tule tumalize, au tukimbie?" Dada yangu alikuwa anainamisha kichwa. Kicheko kile kilimuuma kuliko kilivyoniuma mimi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo moyoni thina ilipobadilishwa. Ile ya kawaida ilikuwa imekosekana, na meneja akanunua nyingine, yenye harufu kali kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Niliandika kwenye kitabu cha zamu. Nilimwambia pia kwa mdomo.

"Thina ni thina, mama," akasema. "Mashine zimeikubali."

Sikumpigia fundi simu. Nilikuwa na namba yake, na nilikuwa na salio. Niliogopa kuchekwa tena. Sina sababu nyingine ya kueleza, ingawa nimeitafuta mara nyingi.

Jumatano ya pili ya thina hiyo tulianza kuosha tangi la pili alfajiri. Mvuke ulipita vizuri. Saa nne na kitu nilifunga mvuke, nikawasha feni, na makaa yakaanza kupoa. Kipimajoto cha kati kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi themanini na moja. Nikawa ninaliandika hilo kwenye kitabu wakati stima ilipopotea.

Feni ile kubwa ilikuwa na mlio ambao mtu huuzoea mpaka asiusikie. Ilipozima nilisikia ng'ombe wakilia ng'ambo ya barabara. Vipimo vilikuwa vinatumia betri, kwa hiyo vilibaki hai. Nilikaa nikivitazama. Themanini na moja. Themanini na nne. Baada ya dakika chache, tisini. Cha juu na cha chini vilikuwa vimetulia. Cha kati peke yake ndicho kilichokuwa kinapanda.

Kupotea kwa stima halikuwa jambo geni, na kwa kawaida joto lilipanda kidogo likatulia. Nikajiambia hivyo. Lilifika mia moja na nne, na mita ya hewa ya sumu, ambayo asubuhi yote ilikuwa kwenye sifuri, ikaonyesha kumi na mbili. Nilitoka nje kuangalia kama kuna lori. Hapakuwa na lori.

Ndipo nikakumbuka feni. Nilikuwa sijaizima. Swichi yake ilikuwa bado imewashwa, na stima ikirudi ingeanza kuzunguka yenyewe, ikapuliza hewa katikati ya yale makaa kama mhunzi anavyovukuta moto wake. Stima ingeweza kurudi dakika hiyo. Kutoka kibandani hadi chumba cha swichi ni kama hatua hamsini, na nilizikimbia huku nikisikiliza, nikitegemea kila hatua niusikie ule mlio. Nilishusha swichi, nikaweka kufuli tuliyokuwa tunatumia wakati wa matengenezo, nikatia ufunguo ndani ya sidiria. Kufuli ilikuwa imeniponyoka mara mbili.

Mzee wa boila alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinyoosha goti lake bovu. Alikuwa mtu wa Mwingi, mnung'unikaji, asiyependa kuharakishwa. Nikamwambia namba.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akainuka.

"Sasa mimi naogopa," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angesema kuni zimeisha. "Lakini boila haiachwi peke yake. Wewe piga simu kwa yule mtu."

Fundi alipokea mara ya tatu. Nilimweleza haraka. Akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Mlibadilisha thina?"

"Ndiyo."

"Inanukaje?"

Nikamwambia. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Funga kila vali inayoingiza hewa. Ya kuingilia na ya kutokea. Mvuke upo?"

"Umebaki kidogo kwenye boila."

"Uingize wote. Mvuke unafukuza hewa. Lakini sikiliza, huo ni wa kununua muda tu. Joto likifika mia mbili na mita bado inapanda, jaza tangi maji. Jaza mpaka yamwagike juu. Makaa yataharibika, yaache yaharibike. Miguu ya tangi ilitengenezwa kubeba uzito huo. Na uwaondoe watu. Waondoe kabla ya kufanya kitu kingine chochote."

Banda la mizigo lilikuwa nyuma ya ukuta wa matangi. Nilisimama mlangoni. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya marobota wakiongea, wakifurahia stima kupotea. Mmoja aliniona akasema, "Nabii amefika," na wakacheka.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini hayakutoka. Nilimwendea dada yangu nikamshika mkono. Akaniambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Mwana wa mama, usinitie aibu tena."

"Inuka tu," nikamwambia. "Utanitukana tukifika nje."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliinuka, akavua aproni akaiacha hapo hapo, akaanza kutembea. Kicheko kikakatika. Walitoka wakimfuata yeye, na safari hii hakuna aliyekimbia. Niliwaambia wavuke barabara wakae upande wa pili.

Nilipanda jukwaa la chuma lililozunguka tangi ili kufunga vali. Nilipofika usawa wa katikati ya tangi niliona kwamba rangi yake ya kijivu ilikuwa imeanza kutoa malengelenge, mahali padogo, kama ukubwa wa sahani. Hapakuwa na moshi. Harufu ilikuwa kama ya chuma cha pasi kilichosahauliwa juu ya nguo. Nilifunga vali ya juu nikiwa nimegeuza uso pembeni, kana kwamba kugeuza uso kungenisaidia kitu. Nilimwomba Mungu, lakini sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nahesabu mizunguko ya gurudumu la vali kwa sauti.

Mzee aliachilia mvuke. Kipimo cha kati kilikuwa mia moja sitini na saba. Kikasimama. Mita ikashuka kidogo. Tulikaa tukiitazama, mimi kibandani, yeye akinipigia kelele kutoka kwenye boila akitaja presha iliyobaki, na kila namba aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Kisha stima ikarudi. Watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wakashangilia, na meneja akaja akitembea haraka, shati limelowa mgongoni.

"Washa feni," akasema. "Yapoze."

"Nikiwasha yatalipuka moto."

"Feni ni ya kupoza, mama. Hiyo ndiyo unayopozea wewe mwenyewe kila wiki."

"Nayapoza kabla hayajashika. Haya yameshika."

"Moshi uko wapi?"

Sikuwa na moshi wa kumwonyesha. Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa kufuli."

Nimemheshimu kila mkubwa wangu wa kazi, na nilikuwa na hofu ya kukosa ile kazi, kwa sababu wazazi wetu kule Migwani walikuwa wanatutegemea sisi wawili. Nilimwambia, "Sikupi." Nikaongeza, "Panda ukaone rangi ya tangi. Ukishuka ukiutaka bado, nitakupa." Sijui kama ningempa kweli.

Alipanda. Nilimwona akisimama pale kwenye malengelenge, akanyoosha kiganja karibu na chuma, akakirudisha haraka. Aliposhuka hakuwa anautaka ufunguo. Wakati huo huo mzee akapaza sauti kwamba mvuke umekwisha, na kipimo, ambacho kilikuwa kimesimama, kikaanza kupanda tena. Mia moja themanini. Mia moja tisini na tano.

"Tufanye nini?" meneja akauliza.

"Maji."

Kwetu neno hilo halisemwi kirahisi. Hifadhi ya maji ya kiwanda ilijazwa na malori mara mbili kwa wiki, na Jumatano ilikuwa siku ya majirani kuteka. Langoni kulikuwa na foleni ya punda na mitungi tangu asubuhi. Stima ilipokuwa imepotea pampu haikuvuta, kwa hiyo walikuwa bado wanangoja. Meneja alienda mwenyewe kuwaambia warudi nyuma na kwamba leo hakuna maji. Mwanamke mmoja mzee aliuliza kwa nini, na maji wanayaona yamejaa kule ndani. Akamwambia, "Kuna moto, nyanya." Yule mama akaangalia kiwanda chote, akasema, "Sioni moto." Hata hivyo akageuza punda wake.

Tulifunga mpira mkubwa wa maji kwenye bomba la juu la tangi. Mzee wa boila, kwa goti lile, ndiye aliyekaza. Mimi nilifungua maji. Nilikuwa nimeonywa kwamba maji ya kwanza yatageuka mvuke na yatapiga kelele, lakini hakuna onyo linalomtayarisha mtu kwa sauti ile. Tangi lilinguruma. Jukwaa likatikisika chini ya miguu yetu, bomba la usalama likafunguka juu likatoa mvuke mweupe, na mimi nikaamini kwamba limepasuka. Nilikaa chini. Mzee alinishika bega akanibakiza pale.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Kipimo kilipanda hadi mia mbili na thelathini, kikakaa, kikashuka ghafla, kikapanda tena, halafu kikashuka kwa utulivu. Maji meusi yalipoanza kumwagika juu na kuteremka kwenye ubavu wa tangi, mita ilikuwa sita. Kisha mbili. Niliendelea kuiandika kila dakika tano, ingawa hakuna aliyeniambia, mpaka kurasa za siku hiyo zikaisha.

Fundi alikuja kesho yake, akakataza kifuniko kisiguswe kwa siku nne. Siku ya tano tulifungua. Tulipochota makaa hadi katikati tulikuta bonge lililoshikamana, la ukubwa wa sufuria ya kupikia harusi, kijivu nje na jekundu kama kutu ndani, na kuzunguka bonge hilo kulikuwa na majivu. Makaa yaliyobaki yote yalikuwa meusi, mazuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Meneja alilishika bonge kwa mikono miwili, akaliangalia muda mrefu. "Niliambiwa," akasema. Mimi pia nilikuwa nimeambiwa, na nilikuwa na simu mfukoni.

Mambo yalibadilika. Tulirudi kwenye thina ya zamani. Feni na pampu zikapewa jenereta yao. Ikaletwa mitungi ya naitrojeni, hewa isiyokubali moto, ambayo sasa inaingizwa kwenye tangi kabla ya kitu kingine chochote ikiwa stima itapotea. Majirani waliletewa lori la maji siku iliyofuata. Na jina la nabii lilikufa bila mtu kutangaza. Niliona tu halitamkwi.

Mimi sikupona haraka. Kwa muda mrefu sikuweza kupika kwa jiko la makaa. Dada yangu ndiye aliyepika, na akimaliza aliyamwagia makaa maji mbele ya macho yangu, halafu akayamwagia tena kwa sababu alijua nitaamka kuyagusa. Nilipoenda nyumbani Krismasi nilitaka kumsimulia baba. Nilianza, nikafika pale stima ilipopotea, nikamwona ameacha kutafuna. Nikageuza mazungumzo, tukaongea habari za mvua.

Bado niko pale kiwandani. Jumatano bado sili asubuhi. Mwaka huu nililetewa mwanamume mmoja kutoka Wote nimfundishe kazi, fundi wa magari kwa miaka mingi, mtu mwenye akili na mkono mwepesi. Nilimweleza yote, nikampandisha jukwaani, nikamwonyesha mahali tulipopaka rangi upya. Akagonga chuma kwa kifundo cha kidole, akatabasamu.

"Mimi moto siuogopi, dada," akasema. "Nimefanya kazi na petroli maisha yangu yote."

Jioni hiyo nilimwendea meneja nikamwomba amtafutie kazi nyingine. Hakuniuliza sababu.